Ni Huyu?

Juni 2022, Jumanne, saa mbili kasoro robo usiku, jamaa mmoja alininyang'anya simu na mkoba pale steji, hatua chache kutoka kwa kibanda cha smoki pasua. Alikuwa na kisu. Hicho kisu naweza kukuchorea hata sasa: mpini umezungushiwa mpira mweusi, ule wa tyubu ya baiskeli, na ncha imevunjika kidogo upande mmoja. Uso wake? Nilisema nimeuona. Nilimwambia kila mtu nimeuona. Ukweli ni kwamba niliuona kwa sekunde sita, pengine saba, kwa taa za matatu iliyokuwa ikigeuza.

Siku tatu baadaye watu wa boda wakampigia mama yangu, maana mimi sikuwa na simu. "Mwambie msichana wako akuje, tumemshika." Nikakimbia na slipasi zangu. Katikati ya duara la watu kama arobaini alikuwa ameketi kijana, jaketi ya rangi ya maruni yenye kofia, damu mdomoni, mikono imefungwa kwa kamba ya turubai. Mtu akamshika kidevu, akamwinua uso nipate kuona vizuri. Akaniuliza, "Sista, ni huyu?"

Simama kidogo hapo kwa hilo swali. Lina maneno mawili tu na tayari lina hukumu ndani yake. Hakuna aliyeniuliza nilimwona nani, alikuwa na sura gani, alikuwa mrefu ama mfupi. Nilionyeshwa mtu mmoja, ameshapigwa, ameshafungwa, kisha nikaombwa nikubali. Watu arobaini walikuwa wametoka jasho kwa ajili yangu. Ningesema sijui, ningekuwa nimewafanya wote wapige mtu bure.

Nikasema, "Ni kama yeye."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu, na nimeshukuru mara nyingi kwamba jirani yangu alikuwepo akayasikia, la sivyo leo ningeapa kwamba sikuwahi kuyasema. Kwa sababu tulipofika kituoni, mwendo wa dakika kumi na tano, lile "kama" lilikuwa limedondoka njiani. Afande akaandika taarifa yangu kwa Kiingereza, akanisomea, nikatia sahihi: nilimtambua mara moja bila shaka yoyote. Afande hakunilazimisha. Kufikia hapo nilikuwa naamini hivyo hivyo.

Yule kijana alisema alikuwa kazini. Ni soja, analinda geti la fleti upande mwingine kabisa wa mji, aliingia zamu saa kumi na mbili jioni. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, tena zaidi ya mara moja. Nikajiambia, wote husema hivyo. Alishtakiwa kwa wizi wa kimabavu, dhamana familia haikuweza, akalala rumande usiku tisa. Siku ya tisa msimamizi wake akafika na kile kitabu ambacho masoja huandika zamu getini, na picha za kamera ya geti. Saa mbili kasoro robo ya Jumanne ile alikuwa anafungulia gari la mtu wa nyumba namba nne. Mashtaka yakaondolewa. Jino halikurudi. Kazi pia haikurudi, maana kufikia siku ya nne walikuwa wameshaweka mtu mwingine.

Sasa, kitu kinachoniuma kuliko vyote: hii hadithi nilikuwa nimeifanyia mtihani. Nilisoma saikolojia miaka miwili kabla karo haijanitoa chuoni. Kumbukumbu za mashahidi ilikuwa mada nzima ya muhula, na nilipata A, mojawapo ya A mbili nilizowahi kuona na jina langu. Ningeweza kukueleza Loftus na Palmer usingizini. Halafu nikasimama mbele ya binadamu aliyefungwa kamba na sikukumbuka hata sentensi moja.

Nikueleze, basi, maana pengine wewe utakumbuka. Mwaka wa 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer, huko Marekani, waliwaonyesha wanafunzi 45 filamu fupi za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa kwa kasi gani. Swali lilikuwa lile lile, kilichobadilika ni kitenzi. Walioulizwa kuhusu magari "yalipopondana" walitaja kwa wastani zaidi ya maili 40 kwa saa. Walioulizwa kuhusu magari "yalipogusana" walitaja 31.8. Wakafanya jaribio la pili na wanafunzi 150, na baada ya wiki moja wakawauliza kama waliona vioo vilivyovunjika. Filamuni hakukuwa na kioo kilichovunjika. Kati ya wale 50 walioambiwa "yalipopondana", 16 walisema ndiyo, tuliviona. Kati ya wale 50 walioambiwa neno la kawaida, "yalipogongana", waliosema hivyo walikuwa 7.

Kitenzi kimoja kilimwaga vioo barabarani. Sasa fikiria kazi inayoweza kufanywa na watu arobaini, kamba na damu.

Na kisu? Kisu nacho kina utafiti wake. Mwaka wa 1987 Loftus na wenzake walifuatilia macho ya watu waliokuwa wakitazama picha za mteja kwenye mkahawa. Kundi moja liliona mteja akimpa keshia hundi, lingine likamwona ameshika bastola. Macho yalirudi kwa bastola tena na tena, na uso wa aliyeishika ukakumbukwa vibaya zaidi. Ndiyo maana mimi ni mtaalamu wa tyubu za baiskeli. Macho yangu yalifanya kazi yao: yaliangalia kitu ambacho kingeniua.

Watu wakisikia haya hudhani ninasema kumbukumbu ni takataka, kwamba shahidi hana maana, turudi nyumbani. Hapana. Hasira yangu ina anwani. Kumbukumbu ya shahidi ni kama alama za vidole kwenye kioo: zipo, zina thamani kubwa, na mtu wa kwanza kuzigusa ovyo ndiye anayeziharibu. Damu sakafuni tumefundishwa kuiwekea utepe wa manjano. Kichwa cha msichana aliyeibiwa juzi, kila mtu anaingia na viatu.

Angalia kesi ya Ronald Cotton. Julai 1984, mji wa Burlington, jimbo la North Carolina, mwanafunzi wa chuo aitwaye Jennifer Thompson alibakwa na mtu aliyevunja nyumba yake usiku. Ameisimulia mwenyewe hadharani mara nyingi, na ndiyo maana namtaja. Katika dakika zile zote aliukazia macho uso wa yule mtu kwa makusudi, akijiambia kwamba akitoka hai lazima amtambue. Yaani alikuwa shahidi ambaye kila mwendesha mashtaka angemwota. Polisi wakampa picha. Alizitazama kwa dakika kadhaa, akisita, akaondoa moja baada ya nyingine, akabaki na ya Cotton. Akaambiwa maneno ya kumpa moyo. Kisha likaja gwaride la watu wazima wazima, na kati ya wote waliosimama pale ni Cotton peke yake aliyekuwa pia kwenye zile picha. Akamchagua. Akaambiwa huyo ndiye yule yule aliyemchagua kwenye picha. Alipofika mahakamani hakuwa na chembe ya shaka.

Cotton akahukumiwa kifungo cha maisha. Gerezani akakutana na mwanamume aitwaye Bobby Poole, wanafanana, na Poole alikuwa akiwaambia wafungwa wenzake kwamba kazi ile ni yake. Kesi ikasikizwa upya mwaka wa 1987. Poole akaletwa mahakamani, akasimamishwa mbele ya Thompson. Mtu aliyembaka, futi chache kutoka kwake. Akasema hajawahi kumwona maishani. Mwaka wa 1995 uchunguzi wa DNA ukaonyesha ni Poole. Cotton alikuwa amekaa ndani zaidi ya miaka kumi. Na kabla Poole hajakamatwa kwa makosa mengine, alikuwa ameendelea kuwashambulia wanawake.

Thompson hakudanganya hata neno moja. Amesema hata baada ya majibu ya DNA, akiwaza usiku ule, uso uliokuja ulikuwa wa Cotton. Namwelewa vizuri kuliko ningependa. Nikifunga macho nione ile steji, aliyeshika kisu amevaa jaketi ya maruni. Uso wa mwizi wangu wa kweli haupo tena. Niliufuta mwenyewe, kwa msaada wa watu wa mtaa.

Kuna kipande kingine cha utafiti ambacho ningependa kibandikwe ukutani kwa kila kituo. Gary Wells na Amy Bradfield, 1998. Watu walionyeshwa video ya kamera ya usalama yenye mtu aliyefyatua risasi, kisha wakapewa picha ambazo muhusika hakuwemo. Yaani kila aliyechagua alikosea. Baadhi wakaambiwa: vizuri, umemtambua mshukiwa. Basi, sentensi moja tu ya pongezi. Baadaye hao waliopongezwa walisema walikuwa na uhakika mkubwa tangu mwanzo, kwamba walimwona mtu vizuri zaidi, kwamba walikuwa makini zaidi. Pongezi ilirudi nyuma ikabadilisha hata kumbukumbu ya jinsi walivyotazama.

Kwa hivyo shahidi anaposimama mahakamani miaka miwili baadaye akasema "nina uhakika asilimia mia", anachokupimia hapo ni pongezi alizopokea njiani. Na bado hicho ndicho kitu kinachotutoa machozi: sauti yake haikutetemeka, alimnyooshea kidole. Sisi hupenda sana kidole kilichonyooka.

Nilipoanza kusoma hukumu za mahakama zetu mtandaoni (siku hizi ndiyo kazi yangu ya usiku, msinionee huruma) nilitarajia kukuta majaji wasiojua lolote. Nikashangaa. Wanajua! Wamejua tangu kabla bibi yangu hajaolewa. Mwaka wa 1953, katika kesi ya Abdalla bin Wendo, mahakama ya rufaa ya Afrika Mashariki ilisema ushahidi wa mtu mmoja aliyemtambua mshtakiwa katika mazingira magumu lazima upimwe kwa uangalifu mkubwa kabisa. Mwaka wa 1967, kesi ya Roria, majaji wakakiri kwamba hukumu inayosimama juu ya utambuzi peke yake huwakosesha utulivu. Mwaka wa 1986, kesi ya Maitanyi, Mahakama ya Rufaa ikasema haitoshi shahidi kusema "kulikuwa na taa": taa ya aina gani, kubwa kiasi gani, ilikuwa upande gani wa mshukiwa? Waingereza nao, kwenye kesi ya Turnbull ya mwaka wa 1976, ambayo mahakama zetu huitaja karibu kila wiki, walionya kwamba shahidi anaweza kuwa mkweli, akashawishi, na bado awe amekosea. Na kwamba hata anayesema amemtambua mtu anayemjua, ndugu ama rafiki, hukosea.

Hayo ya ndugu niliyasikia tena kwa njia nyingine. Baada ya yule soja kuachiliwa nilienda kwao kuomba msamaha. Yeye hakutoka nje. Mama yake ana kibanda cha mboga, akanipa kiti, akaendelea kukata sukuma. Kimya kirefu. Kisha akaniuliza, "Lakini mwanangu, wewe ulimwona?"

"Nilidhani nimemwona, Mama."

Akasema, "Mimi nilimzaa. Na kuna siku pale Gikomba nilimshika mtu mkono nikamwita jina lake. Akageuka. Si yeye."

Tuseme basi sheria inajua, mama mboga anajua, saikolojia imejua nusu karne sasa. Shida iko wapi?

Shida ni saa. Hekima yote hiyo inafika kwenye rufaa. Wizi wa kimabavu, kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu: ukiwa na silaha, ama ukiwa na mwenzako, ama ukimjeruhi mtu, adhabu iliyoandikwa ni kifo. Ndiyo, kwa simu ya elfu kumi na tano. Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, lakini hukumu zinaendelea kusomwa. Mahakama ya Juu ilipofuta ulazima wa hukumu ya kifo katika kesi ya Muruatetu, Desemba 2017, magereza yalishangilia. Julai 2021 mahakama hiyo hiyo ikafafanua kwamba hiyo ilikuwa kwa kesi za mauaji pekee. Na kesi ya wizi wa kimabavu husikizwa na hakimu. Kwa mauaji serikali imezoea kumtafutia mshtakiwa wakili. Kwa wizi, Katiba inaahidi wakili pale ambapo dhuluma kubwa ingetokea, lakini kaa siku moja tu kwenye benchi la nyuma la korti yoyote ya Nairobi uhesabu wangapi wanajitetea wenyewe. Kwa hivyo anayetakiwa kumuuliza shahidi kuhusu upande wa taa ni kijana aliyeacha shule darasa la nane, anayetetemeka, ambaye hajui kwamba kuna swali la taa. Miaka inapita. Majaji watatu wanasoma faili, wanaandika kurasa kumi nzuri kuhusu Maitanyi, wanamwachilia. Ukimuuliza atakwambia alipokuwa akiingia mtoto wake alikuwa ananyonya.

Wakati huo kitu cha kupimwa kilikuwa kimeharibika tangu siku ya kwanza, kwa swali la maneno mawili.

Hata gwaride la utambulisho, kwenye karatasi, si baya. Kanuni za polisi zinataka mshukiwa apangwe na watu wasiopungua wanane wanaofanana naye kwa umri, kimo na sura, achague mwenyewe pa kusimama, awe na wakili ama rafiki, na afisa anayechunguza kesi asiwe ndiye anayeliendesha. Nyingi ya kanuni hizo zilikuwa zimeshaandikwa katika hukumu ya mwaka wa 1936! Lakini gwaride lina faida gani kama shahidi ameshaonyeshwa mtu huyo chini ya mti wa bodaboda? Mimi nilipitishwa mbele ya mtu mmoja. Baada ya hapo ungeniandalia gwaride la watu mia, ningemtoa yule yule, kwa uhakika, na ungesema mfumo umefanya kazi.

Halafu kuna ile sinema ya mwisho. Shahidi kwenye kizimba chake, mshtakiwa kwenye chake, mwendesha mashtaka anauliza: unaweza kumwona mtu huyo hapa mahakamani? Jameni. Kuna mtu mmoja tu amesimama kizimbani na askari jela nyuma yake. Hata paka wa mahakama angejua amwelekee nani. Mahakama ya Rufaa ilishasema, miaka ya 1980, katika kesi ya Gabriel Njoroge, kwamba utambuzi wa aina hiyo hauna thamani kama haukutanguliwa na gwaride lililofanywa ipasavyo. Ningeishia hapo nikipiga makofi, ila mwaka wa 2002 katika kesi ya Muiruri mlango ukafunguliwa tena kidogo: hakimu anaweza kuukubali kama ameridhika na amejionya. Amejionya! Mimi pia nilijionya. Nilikuwa na A.

Ninajua mtu tayari ananiandikia: "Kwa hivyo wezi waachiliwe?" Mimi ndiye niliyewekewa kisu, boss. Ninataka mwizi wangu. Nilipomchagua soja, mwizi wangu alilala vizuri kwa usiku tisa, na wa kumi, na hadi leo. Kila asiye na hatia anayefungiwa ndani ni mwenye hatia anayefungiwa faili. Muulize Thompson kuhusu Poole.

Wengine wataniuliza swali gumu zaidi, na wengi wao ni wanawake wenzangu: unatupa silaha wale wanaosema wanawake husema uongo? Hili nimelikalia sana. Jibu langu ni kwamba kuna maswali mawili na tumeyafunga kamba moja. Limetokea? Na ni nani? Mwanamke akisema amebakwa, mwamini, mpeleke hospitalini, chukua sampuli kabla hajaoga, mlinde. Hilo swali la kwanza halihitaji atambue uso wa mtu asiyemjua gizani. Na wengi wanaobakwa wanamjua aliyewabaka, hapo kumbukumbu ya uso si hoja kabisa. Pale ambapo ni mtu mgeni, kumwomba yeye peke yake abebe swali la pili, kwa sababu serikali haikutaka kushughulika na ushahidi mwingine, ni kumbebesha mzigo ambao utamrudia. Thompson alibeba miaka ya mtu mwingine mgongoni. Aliyeweka mzigo huo hapo hakuwa yeye.

Wamarekani wana hesabu. Kufikia mwaka wa 2020, Innocence Project walikuwa wamehesabu watu 375 walioondolewa hatia kwa DNA, na karibu saba katika kila kumi walikuwa wamefungwa kwa msaada wa shahidi aliyetambua mtu asiye. Na usisahau kwamba nyingi kati ya kesi hizo zilikuwa za ubakaji, ambapo mhalifu huacha kitu cha kupimwa. Mwizi wa simu haachi chochote. Hakuna maabara itakayomtetea soja. Aliokolewa na kitabu cha geti na msimamizi aliyejisumbua kupanda matatu mbili. Angekuwa nyumbani amelala peke yake, ningekuwa nimemmaliza.

Wanasaikolojia wenyewe, waliobishana miaka mingi, wamefika mahali pamoja. Mwaka wa 2021 John Wixted, Wells, Loftus na Brandon Garrett waliandika pamoja ushauri wa sentensi moja: kumbukumbu ya shahidi kuhusu mshukiwa ipimwe mara moja tu. Ile ya kwanza, ikifanywa kwa usafi, ina maana sana. Uhakika wa shahidi wakati ule hukuambia kitu cha kweli, na kusitasita kwake pia. Inayofuata yote ni mwangwi. Ukisoma hivyo, "ni kama yeye" yangu ndiyo ilikuwa ushahidi bora kabisa katika faili lile, na ndiyo haikuandikwa.

Na kuiandika hakuhitaji maabara wala msaada wa Wazungu. Kalamu inatosha. Mtu akiripoti wizi, andika alivyomwona mhalifu kabla ya kumwonyesha mtu yeyote, kwa lugha aliyoisema, hata kama ni Sheng. Asiyejua mshukiwa ni nani kwenye mstari ndiye aendeshe gwaride, ili hata jicho lake lisiseme kitu. Shahidi aambiwe kwamba huenda muhusika hayupo. Akichagua, aulizwe papo hapo ana uhakika kiasi gani na jibu liandikwe neno kwa neno, asitasite aandikiwe amesita, na hakuna kumpongeza. Kurekodi kwa simu ni bure. Korti ya New Jersey ilikaa na utafiti huu mwaka wa 2011, katika kesi ya Henderson, ikabadilisha namna majaji wanavyoelekeza baraza la wazee. Zetu zina maneno mazuri zaidi na miaka mingi zaidi. Mahakimu waanze tu kutupa nje kidole cha kizimbani, kila siku, hadi vituo vichoke kukileta.

Lakini nisijifiche nyuma ya polisi. Kabla ya afande kulikuwa na watu wa boda, na kabla ya watu wa boda tulikuwa sisi. Wewe uliyeposti jana picha ya kamera yenye ukungu na kuandika "mnamjua huyu?" na watu mia tatu wakaitika, watatu kati yao wakataja jina. Umeshawaonyesha mashahidi wote wa kesi hiyo uso mmoja, kabla hata mtu hajaandika ripoti. Na usiniambie wengi hawawezi kukosea. London, mwaka wa 1896, mwanamume aitwaye Adolf Beck alifungwa baada ya wanawake wengi, mmoja baada ya mwingine, kumtambua kuwa tapeli aliyewaibia. Akatoka, akahukumiwa tena mwaka wa 1904 kwa kosa la aina hiyo hiyo, hadi tapeli mwenyewe aliponaswa akiendelea na biashara yake.

Februari iliyofuata nilipigiwa simu na kituo. Simu yangu ilikuwa imepatikana kwa fundi, na aliyemuuzia fundi alikuwa ameshikwa. Nikaenda. Afande alikuwa mwingine, mpole, akanipa kiti. Mtu akatolewa ndani akasimamishwa mbele yangu, peke yake, pingu mbele. Nilimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa na uso wa mtu tu. Nilijaribu kumweka pale steji, chini ya taa za matatu, lakini kila nilipojaribu mahali pale palikuwa pamejaa, yule soja yupo na jaketi yake.

"Ni huyu?" afande akauliza.

"Sijui."

"Si uliandika ulimwona?"

"Nilimwona. Saa hii sijui. Andika hivyo, kwamba sijui."

Akaangalia karatasi, akaniangalia. Akafunika kalamu yake. Akasema hiyo hawezi kuandika, nirudi kesho nikiwa nimekumbuka.